Boti ya mtoto na chubwi la baba yake

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Mtwara, kazi niliyoianza nikiwa na miaka 20, na sasa nina miaka 41. Miaka miwili iliyopita nilimuoa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, aliyekuwa na miaka 10. Baba mzazi wa mtoto alikuwa mvuvi wa mshipi kule Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Aliugua, akafariki mtoto akiwa darasa la kwanza.

Mtoto huyu hakuwa mkorofi. Aliniamkia kila asubuhi, akitumwa alikwenda, akila alishukuru. Lakini aliniita "Fundi", kama wanavyoniita wateja wangu, na baada ya salamu hatukuwa na la kuzungumza. Ndugu msomaji unayelea mtoto wa mwenzako, nyumba ya namna hiyo unaijua: hakuna ugomvi wa kusuluhisha, na bado kila mtu anatembea kwa tahadhari.

Mwaka jana mjomba wake alimletea kutoka Kariakoo boti ya kuchezea ya rimoti, urefu kama nusu mita, yenye mota ndogo ya betri. Tukaipeleka Mikindani, kwa kuwa ghuba ile imezungukwa na ardhi karibu pande zote, na asubuhi na mapema maji yake hutulia kama ya kwenye beseni. Boti ilikwenda, lakini vibaya. Omo, yaani sehemu ya mbele, ilirukaruka kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Ubavu ulilalia kushoto, na kwenye kona ilitaka kupinduka. Mtoto akanigeukia, akaniuliza swali lake la kwanza tangu niingie nyumbani kwao: "Fundi, hii imeharibika?"

Nikamwambia haijaharibika, haijapangwa tu. Boti kubwa ninazozitengeneza zina tabia hiyo hiyo. Wavuvi wakirundika barafu na samaki wote tezini, nyuma kule, omo hunyanyuka, boti hupigapiga maji na mafuta huisha kabla ya safari. Wakirundika vyote omoni, boti hulima maji. Tuliporudi nyumbani nikampa yeye bisibisi, mimi nikashika tochi. Nikamwekea sharti moja la gereji: badili kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uguse kingine. Ukibadili vitatu kwa mpigo, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Jumamosi iliyofuata tulichomeka vijiti viwili kwenye maji ya magotini, umbali wa mita 20, tukapima kwa saa ya simu. Sekunde 8. Mtoto akaandika kwenye daftari lake. Kisha tukasogeza betri mbele kwa upana wa vidole viwili, na omo ikaacha kurukaruka. Sekunde 7.

Jumamosi nyingine ikawa zamu ya propela. Tuliivua, tukaipitisha kwenye sindano nyembamba iliyolala, na jani moja likawa linashuka chini kila mara, maana yake ni zito kuliko mwenzake. Tukalisugua mgongoni kwa msasa laini hadi propela ikakaa popote tulipoiachia. Mtetemo ukaisha. Sekunde 6.

Baada ya hapo tukatazama ukingo wa chini wa tezi. Kiwandani waliuacha wa mviringo, na ukingo wa namna hiyo maji huung'ang'ania yakairudisha boti nyuma. Tukaujaza gundi ngumu ya kuchanganya, tukaupiga msasa hadi ukawa na pembe kali, maji yakawa yanaachia mara moja. Sekunde 5, yaani zaidi ya kilomita 14 kwa saa. Siku ile alipiga kelele hadi kina mama waliokuwa wakiokota chaza wakageuka.

Ikabaki kasoro ya kulalia kushoto. Nikamweleza kwamba propela ikizunguka kwenda kulia, nayo husukuma mwili wa boti uegemee kushoto. Dawa yake ni farumi, ule uzito ambao manahodha huuweka chini ya chombo ili kisiyumbe. Nikasema nitatafuta nati, tuibandike upande wa kulia. Mtoto akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa la zamani. Ndani mlikuwa na ndoana, nyuzi na chubwi moja, kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi.

"La baba," akasema.

Tangu harusi sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Nilipolipima kiganjani nilijua ni zito kuliko tulivyohitaji. Lingekuwa la kununua dukani, ningelikata nusu kwa msumeno. Nikamwona macho yake yako kwenye msumeno uliotundikwa ukutani. Nikamwambia, "Hili halikatwi. Tutasogeza betri."

Ilituchukua Jumamosi tatu. Betri ilikwenda kushoto milimita chache kwa wakati, na kila tukisogeza, majini. Katika Jumamosi hizo alinieleza jinsi baba yake alivyomfundisha kuulaza mshipi juu ya kidole cha shahada ili amhisi samaki kabla hajavuta, na jinsi chubwi linavyokwambia kama chini ni mchanga au mwamba. Akaniuliza kama nilimfahamu. Nikasema hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitakwambia."

Baadhi ya ndugu walikuwa wametushauri vitu vya marehemu viondolewe nyumbani ili mtoto asahau na anizoee. Nia yao ilikuwa njema, lakini mimi na mama yake hatukuvigusa. Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtoto aliyefiwa ana uzito wake, na uzito huo haupunguzwi kwa msumeno. Sisi tuliokuja baadaye ndio tunaosogea, kidogo kidogo, hadi nyumba ikae sawa.

Kwa mzazi mwenye boti kama hii, neno moja la kifundi: chumvi hula vyuma haraka. Mkitoka baharini isuuzeni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikausheni, tieni tone la mafuta kwenye mhimili wa propela. Na waya wa antena uwe juu ya usawa wa maji, kwa sababu mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari. Kwetu kazi ya kusuuza anaifanya mtoto mwenyewe. Huanza kwa kulifungua chubwi, hulifuta kwa shati lake, akalirudisha kwenye kopo.

Bado ananiita Fundi, na sijamwomba abadili. Kusi likipungua tutakwenda Msimbati, akamwonyeshe babu yake boti. Ameniambia nisisahau bisibisi.