Pazia la Jicho

Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Walikusudia kuwa jicho hutazama lipendacho, cha halali na cha haramu, wala hapana awezaye kulizuia. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli, lakini kwa umbile jicho lina pazia. Ni kigubiko cha ngozi chenye kope ukingoni, ngozi nyembamba kuliko ya mahali pengine popote mwilini. Hushuka na kupanda yapata mara kumi na tano kwa dakika bila ya mwenyewe kujua, na kila kinaposhuka hulipaka jicho machozi lisikauke. Aliye nacho hakihesabu katika neema zake. Thamani yake huijua siku kinapokataa kushuka.

Kaole, kijiji kilicho kusini ya mji wa Bagamoyo, yuko mwanamke wa makamo aliyeifikia siku hiyo. Alikuwa amekwenda ng'ambo kumuuguza mwanawe aliyejifungua, akakaa huko miaka miwili. Nyumba ya ugenini ilikuwa na vioo vingi kuliko alivyozoea, na kila kioo kilimwonyesha kuwa ngozi ya juu ya macho yake imelegea na kuangukia kope. Aliambiwa kuwa kuiondoa ni kazi ya saa moja, na kwamba angeshuka kitandani siku ile ile akaenda zake. Akakubali. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyuzi zilipotolewa alijiona amerudishiwa miaka kumi.

Aliporejea Kaole upepo wa kusi ulikuwa umeshika, nao huvuma na chumvi na mchanga. Macho yalianza kuwasha, kisha kuwa mekundu, kisha kuuma kama yaliyotiwa pilipili. Usiku wa tatu mjukuu aliyelala naye alishtuka usingizini akamwita: "Bibi, mbona umelala huku unanitazama?" Bibi alikuwa hamtazami. Alikuwa amelala kweli, na vigubiko vyake havikufika chini.

Sababu ya mkasa huo ni ndogo ya kupimika kwa rula. Ngozi ya juu ya jicho, tangu chini ya nyusi hadi kwenye kope, haifai kubakizwa chini ya milimita 20 hivi. Ndiyo kanuni wanayojifunza wapasuaji. Ikipungua sana, jicho hufumbuka vizuri lakini halifumbi. Kioo cha mbele cha jicho hukauka, hupata vidonda, na kidonda kikiachwa huweza kuleta kovu linalopofusha. Wayunani waliiita hali hiyo kwa jina la sungura, kwa kuwa waliamini mnyama huyo hulala macho wazi, na madaktari hadi leo hulitumia jina hilo. Katika ngano zetu Sungura husifiwa kwa werevu wake wa kutoshikika. Hakuna msimulizi aliyepata kuuliza kama mnyama huyo hupumzika.

Wala aibu hii si ya zama zetu peke yetu. Abul Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba ambacho sehemu yake ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alieleza namna ya kuipunguza ngozi ya kigubiko iliyozidi. Hakuishia hapo. Alieleza pia kigubiko kilichofupika, ambacho Waarabu hukiita shatra, akasema kuwa mtu huweza kuzaliwa nacho, au kikaletwa na kovu, mkato au mchomo wa chuma cha moto. Dawa aliyoitaja ni kulipasua kovu na kuzitenga kingo zake kwa kitambaa zisishikane tena. Basi yapata miaka elfu moja sasa wenye kisu wanajua kuwa kisu hukosea, na kwamba kosa lake lina mlango wa kutokea.

Mlango huo leo ni mpana zaidi. Mwanzo ni subira: machozi ya dawa mchana, marhamu usiku, plasta ya kukishikiza kigubiko mgonjwa alalapo, na kulichua kovu taratibu ili lilainike. Jicho lisipokuwa hatarini, aghalabu husubiriwa miezi 3 hadi 6 kabla ya kukata tena, kwani kovu bichi halina hali ya kudumu. Lisipotosha hilo, huchukuliwa kipande cha ngozi kikashonwa pale ilipopungua. Ngozi ya kigubiko kingine ndiyo ifaayo zaidi ikiwa iko ya kutosha. Ikikosekana, hutolewa ya nyuma ya sikio, kwa kuwa ni laini na hukaribiana nayo kwa rangi.

Watu wa Kaole hawahitaji kufundishwa somo hilo na daktari. Magofu yao, yenye misikiti miwili na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa. Wajuzi wa kuhifadhi kuta za namna hiyo husisitiza kuwa ukarabati wake uwe wa chokaa vilevile. Saruji ni ngumu mno kwa ukuta huo. Huzuia unyevu usitoke, na ukuta huliwa ndani kwa ndani pembezoni mwa kiraka kilichokuja kuuokoa. Kiraka chema ni kile kinachofanana na kilichopunguka.

Washairi wa pwani nao wana sehemu yao katika jambo hili. Tangu zamani wamelisifu jicho kuliko kiungo kingine chochote cha uso, na wasichana wamekua wakizisikia sifa hizo vyomboni na maharusini. Lakini azisikilizaye kwa makini ataona kwamba hazikuishia kwenye ukubwa wa jicho. Zilisifu macho malegevu, macho ya kungu, jicho linaloteremka nusu likasita kana kwamba lina usingizi. Kurembua ni kazi ya kigubiko, na ngozi iliyovutwa ikakazwa hairembui. Mwanamke huyu alifundishwa kurembua na somo wake alipokuwa mwari. Ule ulegevu alioulipia uondolewe ulikuwa nusu ya uzuri wenyewe.

Hayo hakuyasema kwa mtu. Alinunua miwani myeusi akaivaa kutwa, hata jikoni. Alipoulizwa alisema ni vumbi. Maumivu aliyaweza; alichokiogopa ni neno moja alilokuwa akilisikia kabla halijatamkwa: kajitakia. Kijijini neno hilo hufunga milango mingi. Humnyima mgonjwa pole, na asiyepewa pole huona haya kuomba dawa.

Wenye kulitamka kwa jina la dini wangefaa wakikumbuka kisa cha sahaba Arfaja. Aliumia pua katika vita vya Kulab, zama za ujahiliya, akajitengenezea pua ya fedha. Ile ya fedha ikaoza na kumnukia vibaya. Alipomwendea Mtume, aliamrishwa atie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wanazuoni wameitegemea hadithi hiyo kutenganisha kubadili umbile kwa kutafuta uzuri na kuondoa madhara. Na Arfaja hakuwa anatengeneza kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatengeneza matengenezo yaliyoharibika.

Yapo pia macho mengine ambayo nchi hii imeyakata na kuyakata tena bila ya lawama. Ugonjwa wa vikope, ambao umewasumbua sana watu wa bara kama Kongwa, hulitia kigubiko makovu kwa ndani hadi kope zikageuka na kulikwaruza jicho. Tiba yake ni kukikata kigubiko na kukigeuza nje. Utafiti uliofanywa Oman na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulilinganisha njia kadhaa za upasuaji huo na kusaidia kuchagua iliyo bora. Na mwaka 2012 Oman ikathibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa wenyewe kuwa tatizo la afya ya jamii. Hata hivyo tafiti zilizofuata, za Tanzania na za Ethiopia, zimeonyesha kuwa kwa wagonjwa wasio wachache kope hurudi ndani, au ukingo wa kigubiko hupinda, ikalazimu kisu cha pili. Hakuna amwambiaye bibi kizee wa Kongwa kuwa kajitakia. Lakini kioo cha jicho kinachokauka hakijui tofauti ya kilichomleta mgonjwa mezani mara ya kwanza.

Na watakaohitaji huruma hiyo wataongezeka. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji wa urembo. Safari iliyokuwa ya ng'ambo sasa ni ya daladala.

Aliyeuvunja ukimya Kaole ni somo yule yule, sasa ajuza wa miaka sabini na ushei. Alikuja jioni moja akamkuta amekaa barazani.

"Mwanangu, miwani ya jua magharibi hii?"

"Macho yananiuma, somo."

"Vua niyaone."

Akavua. Ajuza aliyatazama kitambo, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amemuuliza. "Unalala?"

"Silali."

"Basi hapo urembo umeshakwisha, pamebaki ugonjwa. Kesho twende kwa madaktari wa macho."

"Nitawaambia nini, somo? Watasema nimejitakia."

"Waambie hulali."

Walikwenda Dar es Salaam wote wawili. Ilikuwa marhamu na plasta kwa miezi minne, na baadaye kisu tena, na kipande cha ngozi kutoka nyuma ya kila sikio. Macho hayakurudi kuwa yale aliyoondoka nayo Kaole. Vile viraka vina wekundu kidogo mchana wa jua kali, na jicho la kushoto lingali likihitaji tone la dawa upepo unapochacha. Kurembua hajajaribu.

Siku chache baada ya nyuzi kutolewa, somo alipita kumjulia hali baada ya sala ya adhuhuri. Alimkuta amejilaza mkekani barazani, miwani pembeni, macho yamefumba. Hakupiga hodi. Aliketi kando yake, akachukua kipepeo, akawa anamfukuzia nzi mpaka alasiri.