Safu isiyokubali utupu: somo la hifadhidata kutoka Msambweni

Haya ndugu msomaji, leo tuingie jikoni kabisa. Tuongee hifadhidata.

Wengi wanaojifunza kutengeneza tovuti hukwama hapa. HTML wanaijua, rangi wanazipanga vizuri, lakini tovuti imekaa kama bango la barabarani: ilichosema jana ndicho inachosema leo. Hiyo tunaiita tovuti tuli. Tovuti hai ni ile ambayo kila ukiifungua inakwenda kuchukua habari mahali fulani, inazipanga, kisha inakuletea. Mahali penyewe ndiyo hifadhidata.

Mimi nilijifunzia Ukunda, kwenye saiba, kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa mwaka 2009. Intaneti ilikuwa ya setilaiti, inatambaa, na unalipa kwa dakika. Bahati nzuri PHP na MySQL hazihitaji intaneti ili ujifunze. Nilinakili XAMPP kwenye flashi, nikaiweka kwenye kompyuta kuukuu nyumbani, na hapo nikawa na seva yangu mwenyewe. (Ukiona jina MySQL usidhani "My" ni mbwembwe tu. Ni jina la binti wa Michael Widenius, mmoja wa walioianzisha mwaka 1995.)

Amri zenyewe si nyingi. SELECT ni kuchukua, INSERT ni kuingiza, UPDATE ni kubadilisha, DELETE ni kufuta. Wiki mbili zinatosha kuzizoea. Kigumu ni kujua jedwali lako liwe na safu gani, na nani atapata mstari ndani yake. Hilo sikulipata kwenye kitabu. Nilifundishwa na mzee mmoja, katibu wa wavuvi kwenye bandari ndogo upande wa Msambweni, mwaka 2012.

Wavuvi wale walikuwa na daftari. Kila jioni samaki wakiletwa bandani wanapimwa, na katibu anaandika: jina la mvuvi, aina ya samaki, kilo, bei. Shirika moja lililowafadhili kompyuta lilitaka hesabu hizo zionekane kwenye tovuti, nami nikaitwa kuifanya kazi. Nikaomba siku tatu za kukaa na mzee na daftari lake kabla sijaandika chochote.

Siku ya kwanza nikaona "tafi" ukurasa huu na "tasi" ukurasa ule. Nikamuuliza mzee kama ni samaki wawili. Akacheka. "Samaki ni huyo huyo mwanangu. Wenyeji twasema tafi, Wapemba wasema tasi." Wavuvi kutoka Pemba huja pwani yetu ya kusini wakati wa kaskazi, na huja na majina yao. Sasa fikiria: ukiiacha safu ya samaki iwe ya maneno matupu, kompyuta itahesabu aina mbili, na hesabu ya mwezi itakuwa ya uongo. Dawa ni kuwapa samaki jedwali lao. Kila aina inapata namba moja, majina yake yanakaa kwenye jedwali jingine yakielekeza kwenye namba ile, na mauzo yanaandika namba tu. Mtu anaandika jina alilozoea na hesabu inabaki moja. Vitabu huliita jambo hili usawazishaji na kulieleza kwa kurasa arobaini. Mimi nilieleweshwa na samaki mmoja.

Siku ya pili ilikuwa ng'onda. Ukiandika INSERT ya kizamani, neno linawekwa kati ya alama mbili hizi: 'ng'onda'. MySQL inasoma 'ng', inadhani neno limeishia hapo, kisha inakutana na "onda" na kugoma. Kiswahili chetu kimejaa ng'ombe, ng'ambo na ng'onda, kwa hiyo tunaligundua tatizo hili mapema kuliko Waingereza. Mlango ule ule ndio wezi wanaopitia kuingiza amri zao kwenye hifadhidata za watu. Dawa ni kuitenga amri na data: tumia PDO, andika amri yako na alama ya kuulizia (?) mahali pa data, kisha ipeleke data peke yake. Na kama ulijifunza zamani kwa mysql_query, ujue ilishaondolewa tangu PHP 7 ilipotoka Desemba 2015.

Siku ya tatu ndiyo nataka uikumbuke.

Kila jedwali linahitaji ufunguo msingi, yaani kitu kinachotofautisha mstari mmoja na mwingine. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California, ndiye aliyeweka msingi wa hifadhidata za namna hii katika makala yake ya mwaka 1970, na bila ufunguo mpango wake wote unaanguka. Swali: mvuvi tumtambue kwa nini?

Kwa jina haiwezekani. Kwetu mtoto hupewa jina la babu. Ndugu watatu wakizaa, kila mmoja akampa mwanawe wa kwanza jina la baba yao, utapata watoto watatu wa jina moja na ukoo mmoja, na wote wakavua kwenye bandari moja. Fomu ya shirika ilikuwa na jibu tayari: ufunguo uwe namba ya kitambulisho cha taifa, na safu hiyo isiachwe wazi. Kwa lugha ya SQL ni maneno mawili tu: NOT NULL.

Nikaanza kusoma majina, mzee ananitajia namba. Tukafika kwa mvuvi mmoja, mtu mzima, mwenye wajukuu.

"Huyo hana kipande," mzee akasema.

"Amekipoteza?"

"Hajapata kuwa nacho. Babake alitoka Pemba. Yeye kazaliwa hapa, watoto wake wamezaliwa hapa. Kipande hapewi."

Nikauliza wako wangapi wa namna hiyo. Mzee akaanza kuwahesabu, vidole vya mkono mmoja vikaisha.

Elewa uzito wake. Kwenye daftari la karatasi yule mvuvi alikuwepo. Kilo zake zilikuwepo, kila siku, kwa mwandiko wa katibu. Kwenye hifadhidata ya fomu ile asingekuwepo, kwa sababu MySQL ingemkataa mlangoni. Na shirika lilipanga kugawa nyavu kwa kufuata hesabu za tovuti. Asiye na mstari hana wavu. Au angefanya wanachofanya watu wakibanwa: aandikishe samaki wake kwa kipande cha shemeji, shemeji aonekane bingwa wa kuvua, naye aonekane hajavua kitu.

Nikaandika hivi:

CREATE TABLE wavuvi (
  id INT NOT NULL AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  jina VARCHAR(100) NOT NULL,
  kipande VARCHAR(20) UNIQUE
);

Ufunguo ni namba ya mashine yenyewe, haina habari na serikali wala ukoo. Kipande ni habari ya ziada. Mwenye nacho aandike, na UNIQUE itazuia watu wawili kutumia kimoja. Asiye nacho safu yake inakaa NULL, maana yake "hakuna au hakijulikani", na MySQL inakubali NULL nyingi hata penye UNIQUE. Angalia jambo moja: fomu ya wavuti ikiachwa wazi hutuma neno tupu, na neno tupu si NULL. La kwanza litapita, la pili litagongana nalo. Kwenye PHP ligeuze kuwa NULL kabla ya kulihifadhi.

Shirika halikupenda. Barua zikaenda na kurudi karibu mwezi mzima. Kilichowashinda ni daftari: mzee alilibeba mpaka mkutanoni, akawaonyesha kilo za wasio na vipande, mwezi kwa mwezi. Jedwali likabaki nilivyoliandika, na yule mvuvi aliandikwa kwa jina lake.

Miaka iliyofuata mambo yalisogea. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia, na Februari 2017 wakaanza kupewa vitambulisho kama kabila la 43 la Kenya. Wapemba walisubiri mpaka Julai 2023. Siku mtu alipopata kipande chake, kwenye jedwali langu ilihitajika UPDATE moja tu. NULL ikawa namba. Historia yake yote ya uvuvi ilikuwa inamngoja pale pale chini ya id yake ya zamani. Kama ufunguo ungekuwa kipande, angeanza upya kama mtu aliyezaliwa jana.

Kwa hiyo wewe unayeanza, hivi ndivyo ninavyokushauri. Usianze na kompyuta. Tafuta daftari la mtu: la duka, la chama, la madrasa, la zahanati. Kaa na mwenyewe na uulize kila kitu. Kila unapotaka kuandika NOT NULL, simama kidogo ujiulize ni nani atakayebaki nje, kisha ukamwulize mwenye daftari, maana wewe humjui na yeye anamjua. Amri utazijua tu, zimejaa kila mahali na ni za bure.

Juma lijalo tukijaliwa tutaona jinsi ya kuunganisha majedwali kwa JOIN. Mpaka hapo, kazi njema.