Braza kaokoka dakika za majeruhi, mimi je?

Mpenzi msomaji, wiki hii tuweke kando mambo ya mapenzi na mitindo. Nina dukuduku, na nisipolitoa litanipasua.

Mwaka jana tulimzika braza wangu. Tusidanganyane kwa sababu ni marehemu, jamaa alikuwa balaa. Gongo yeye, bangi yeye. Aliuza redio, akauza jiko, mwishowe akabeba cherehani ya mama, ile ya miguu, iliyotusomesha mpaka mimi nikamaliza Fomu Foo. Siku hiyo mama alikaa kwenye kigoda akiitazama sehemu ilipokuwa, asiseme neno.

Mimi sasa! Kipaimara nilifaulu vizuri tu. Kwaya ya vijana naimba sauti ya pili. Bahasha yangu ya ahadi haijawahi kwenda tupu. Jumamosi nadeki kanisa wakati wenzangu wako saluni. Kama Mbinguni kuna daftari, nilijua jina langu limejaa tiki.

Basi bwana, siku 3 kabla ya kukata roho wodini, braza akaomba aitiwe mwinjilisti. Akatubu, akaombewa, akapewa Meza ya Bwana pale pale kitandani. Kwenye mazishi mchungaji akasema marehemu ameokolewa kwa neema, sawa na sisi sote. Sawa na sisi sote? Wenzangu walilia kwa uchungu, mimi nililia kwa hasira.

Wiki 2 baadaye nikamfuata mchungaji ofisini.

"Shikamoo mchungaji."

"Marahaba binti yangu. Mbona umenuna?"

Nikamwaga yote. Hakunikemea. Akaniuliza kama namkumbuka Martin Luther. Nikajibu kwa kujiamini: 31 Oktoba 1517, Wittenberg, hoja 95. Akacheka. "Hizo ni za kujibia mtihani. Sasa msikilize mwenyewe."

Kumbe huyo Luther alikuwa kama mimi, tena kunizidi. Mwaka 1505 radi ilimtisha njiani, akaapa kuwa mtawa, akaingia monasteri kule Erfurt. Alifunga, alikesha, aliungama kwa saa nyingi, na akitoka anakumbuka dhambi nyingine. Pamoja na bidii yote hiyo hofu haikumtoka, maana ukishaanza kuhesabu, nani atakwambia kwamba sasa imetosha? Alipata pumzi aliposoma Waraka kwa Warumi akaelewa kuwa haki ya Mungu ni zawadi, mtu anaipokea kwa imani. Siyo mshahara. Ndiyo maana hakuvumilia kuona watu wanauziwa vyeti vya msamaha, huku sehemu ya fedha hizo ikienda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma.

"Wale walitoa sarafu," mchungaji akasema, "wewe unatoa kudeki. Tofauti iko wapi?"

Nikaishiwa pozi.

Akanifungulia Mathayo 20, ule mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu. Walioanza asubuhi na walioingia saa kumi na moja jioni wakalipwa sawasawa. Walionung'unika ni wale wa asubuhi. Mfano huo nimeusikia tangu Sunday school, na siku zote nilidhani unamhusu mtu mwingine.

Sasa nyie wajanja wa kijiweni msinielewe vibaya. Najua mtasema, basi tule raha, tutubu uzeeni. Jamani, nani kawapa ratiba ya kifo? Na shoga yangu Mkatoliki hunitania eti sisi Walutheri hatutaki matendo mema. Siyo kweli. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba Mungu anatukubali kwa neema, kwa imani katika Kristo, si kwa sababu tunastahili. Matendo mema yanafuata kama matunda. Mwembe hauzai ili uwe mwembe. Unazaa kwa sababu ni mwembe.

Haya yote nimeyaelewa, lakini sitajifanya malaika. Neema haikurudisha cherehani. Braza kasamehewa, mama kabaki anashona kwa mkono. Hilo linaniuma mpaka leo. Usiku mmoja nikamwuliza mama kama hana kinyongo.

"Mwanangu," akasema huku anatunga uzi kwenye sindano, "nilimsamehe siku ile ile aliyoibeba. Ningesubiri kwanza airudishe, si ningekuwa bado nasubiri?"

Nikanyamaza. Mchungaji alihitaji saa nzima na Wajerumani wake, mama kamaliza kwa sentensi moja.

Bado nadeki kanisa. Ila siku hizi nikimaliza naenda zangu nyumbani, sigeuki kuangalia kama mzee wa kanisa ameniona. Na mwezi uliopita nimeanza kulipia cherehani nyingine kidogo kidogo, kwa hizi hela za makala. Niliapa sitamwambia mtu yeyote, na sasa nimewaambia nyie wote!

Kuhesabu ni ugonjwa, wapenzi. Niombeeni. Tukutane wiki ijayo.