Twende Delta ya Rufiji Tukaone Mikoko

Ndugu msomaji, je, umewahi kufika mahali ambapo mto Rufiji unaingia baharini? Twende pamoja. Ukitoka Dar es Salaam, fuata barabara ya kusini. Utapita Mkuranga. Ukifika Bungu, acha barabara kuu, ushike njia ya kushoto iendayo Nyamisati. Hapo gari limefika mwisho. Panda mashua, lakini subiri maji yajae. Maji yakipwa, mashua hukaa juu ya tope, nawe utakaa nayo.

Mto hapa umegawanyika mikono mingi. Pande zote utaona mikoko. Hekta zake ni makumi ya maelfu. Afrika Mashariki hakuna delta nyingine yenye mikoko mingi namna hii. Chini ya mizizi yake kamba na samaki wadogo hujificha mpaka wakue, ndipo waende bahari kuu. Viboko na mamba wamo pia. Usining'inize mkono majini.

Sasa tazama upande wa kaskazini. Utaona mashamba ya mpunga, na kando yake visiki. Watu walikata mikoko wakalima. Usiwalaumu upesi. Mchele ni chakula, na tope hili lina rutuba. Tena maji ya mto hupunguza chumvi shambani. Lakini baada ya miaka michache majani huzidi, mavuno hupungua, na mkulima hukata mikoko mingine. Shamba la zamani hubaki uwanja mtupu. Samaki wadogo hawana pa kujificha, na mvuvi naye hupata hasara.

Je, mikoko inaweza kurudi? Inaweza. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini. Huning'inia kama kijiti kirefu cha kijani. Watu huziokota zilizokomaa na kuzichomeka topeni kwa mkono. Kazi hii haitaki jembe.

Lakini iko kazi inayotangulia. Matuta ya mpunga huzuia maji ya bahari kuingia na kutoka. Yafunguliwe kwanza. Maji yakishapita, pengine bahari huleta mbegu yenyewe, mtu asipande hata moja. Tena kila mti una mahali pake. Mkoko hupenda kandokando ya vijito. Mchu huvumilia chumvi nyingi. Ukipanda ovyo, miche hufa.

Yako pia matope ya wazi, yasiyo na miti tangu zamani. Hapo pasipandwe kitu. Maji yakipwa, ndege hushuka kula kaa na minyoo. Mmoja wao ni sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda. Huyu husafiri kutoka nchi za kaskazini akikimbia baridi.

Mwaka 2004 delta hii, pamoja na Mafia na Kilwa, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Mikoko ni msitu wa hifadhi, na kukata boriti kunataka kibali. Lakini wako watu waliozaliwa humu deltani, na wazee wao walilima humu. Kwa hiyo kabla ya kupanda mche hata mmoja, kijiji na afisa misitu hukaa mkutano. Shamba lipi limeachwa kweli? Lipi bado linalisha watu? Mkutano wa namna hiyo hauishi kwa siku moja.

Haya, maji yameanza kupwa. Turudi mashuani.