Siku ya Pili ya Ajali

Usiku wa tarehe 22 Februari 1978, treni ya mizigo iliacha reli katikati ya Waverly, mji mdogo wa jimbo la Tennessee, Marekani, baada ya gurudumu kuvunjika. Miongoni mwa mabehewa yaliyopinduka kulikuwa na tangi la propani, gesi ya jamii moja na hii ya mitungi yetu ya jikoni. Moto haukuwaka. Waliofika walikagua, hawakuona gesi ikivuja. Kesho yake njia ikasafishwa, tangi likasogezwa kando. Baridi ilikuwa kali. Tarehe 24 jua likatoka, joto likapanda, na gesi iliyokuwa ndani ikazidi kutanuka. Mchana huo, watu wakijiandaa kuihamishia kwingine, tangi likapasuka pale lilipoumia siku ya ajali. Walikufa watu 16, wakiwemo mkuu wa polisi na mkuu wa zimamoto wa mji.

Kinachonikaa moyoni ni zile saa 40 za utulivu kuliko mlipuko wenyewe. Watu wale hawakuwa wazembe. Walijua kuzima nyumba inayoungua. Ila hakuna aliyekuwa amewafundisha kwamba chuma kilichobonyea kinaweza kusubiri.

Miaka mitano kabla, mjini Kingman, Arizona, tangi la propani liliwaka moto likiwa kwenye reli. Askari wa zimamoto wakakimbilia kulipoza kwa maji, kama moyo wa kila muokoaji unavyomtuma. Likalipuka muda mfupi tu baadaye, na 11 kati yao wakapoteza maisha.

Ndiyo maana mafunzo ya waokoaji huanza na jambo gumu kwa mtu jasiri: kusimama mbali. Karibu na Pueblo, Colorado, kipo kituo ambacho tangu 1985 huwafundisha waokoaji kwa mabehewa halisi. Wanapanda juu ya matangi, wanashika vali kwa mikono yao, wanajifunza kuziba panapovuja. Lakini kabla ya kugusa chochote, muokoaji anatakiwa aje upande ule upepo unakotokea, atoe darubini, asome namba ya tarakimu nne iliyo ubavuni mwa behewa. 1017 ni klorini. 1075 ni gesi ya mitungi. Halafu afungue kitabu cha mwongozo, ambacho kwa tangi la gesi lililozingirwa na moto kinamwambia awaondoe watu umbali wa mita 1,600 kila upande. Tena anafundishwa kusikiliza: sauti ya vali ya usalama ikianza kupanda, au rangi ya tangi ikibadilika, aondoke hapo hapo.

Nimejikuta nikilihamishia somo la Waverly, la utulivu unaodanganya, kwenye misiba yetu. Siku za mwanzo nyumba hujaa, vyungu havishuki jikoni, kila mtu anauliza mjane amekula nini. Tanga likishaanuliwa, tunaaga kwa kuwa ametulia, halii tena. Hatumpigii simu wiki ya tatu. Nami sasa naona kwamba wiki ile ya tatu, nyumba ikiwa kimya na ada ya shule ikidaiwa, ndipo angehitaji mtu wa kubisha hodi.

Na nikifikiria Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, naumia zaidi. Lori la petroli lilipinduka, watu wakasogea na madumu, moto ukawaka, zaidi ya 100 wakafa. Hapo palikuwa barabarani, lakini reli zetu nazo zinapita katikati ya masoko na vijiji, na anayefika kwanza behewa likianguka si askari mwenye vazi maalumu. Ni muuza mahindi wa stesheni, ni kijana wa bodaboda, ni watoto watokao shule. Hao ndio waokoaji wetu wa mwanzo, na mafunzo hayajawafikia. Petroli hubeba namba 1203, nchi yoyote iwayo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuikariri kwa asubuhi moja, akajua kwamba akiiona kwenye tangi lililolala ubavu, kazi yake ni kurudi nyuma, kuwaita wenzake warudi pia, na kupigia zimamoto, 114.