Hesabu ya Nyavu na Hesabu ya Shahada

Wahenga walinena: kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hii nilikuwa nikiitumia katika insha tangu shule ya msingi, na walimu wakinipa alama nzuri kwayo, ilhali sikuwa nimewahi kukopa hata kibaba cha unga. Maana yake ilinifikia mwaka 2014, barazani kwetu Faza, kisiwani Pate, siku nilipomkabidhi baba fomu ya mkopo atie sahihi kama mdhamini wangu.

Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo kikuu kusomea Shahada ya Sanaa katika Sayansi ya Siasa na Kiswahili. Fomu ilikuwa ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 ili kuwakopesha wanafunzi na kuwadai wakishahitimu. Ili kuichapisha nilisafiri kwa mashua hadi mjini Lamu, tukangoja maji yajae ndipo tuvuke Mkanda, nikarudi siku ya pili yake. Baba aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, kisha akauliza mambo matatu: ni fedha ngapi, riba ni ngapi, na hiyo siasa italeta nini nyumbani.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Shilingi 40,000 kwa mwaka, kwa miaka minne, jumla 160,000. Karo ya mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali wakati huo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Zilizobaki zingekuwa za chakula, malazi na vitabu.

Swali la pili lilinikwama kooni. Niliposema asilimia 4 kwa mwaka, baba alikaa kimya. Kwa Mwislamu wa visiwa vyetu, riba si neno la hesabu tu. Jioni ile wazee walikusanyika, wengine wakisema elimu ni dharura, wengine wakishikilia kwamba riba ni riba hata ikiwa chembe. Mama, ambaye hushona kofia za vito kwa mkono na ambaye kofia moja humchukua miezi miwili au zaidi, alisema neno moja tu: kwamba hata angeshona usiku na mchana, kofia zake zisingeweza kunilisha Nairobi kwa miaka minne. Mjadala ukaishia hapo bila mshindi.

Ama swali la tatu, baba alilijibu mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "mvuvi akipewa nyavu na tajiri kwa mkopo, samaki si wake tena. Atauza kwa yule yule aliyempa nyavu, kwa bei atakayotajiwa. Mimi nitatia sahihi, lakini ujue kwamba deni ndilo litakalokuchagulia kazi." Yeye alikuwa amevua kamba-mawe kwa mpango huo miaka mingi, na alijua alisemalo. Akatia sahihi.

Ndugu msomaji, chuoni nililisahau neno hilo. Fedha zilipoingia benki tuliziita "bumu", tukanunua viatu na simu, tukajadili dola, madaraka na wananchi. Hakuna aliyetukumbusha kwamba Sayansi ya Siasa si fani yenye mlango mmoja wa kuingilia kazini. Aliyesomea uuguzi anajua hospitali inamhitaji. Aliyesomea ualimu anajua Tume ya Huduma za Walimu ndiyo mwajiri wake. Sisi milango yetu ni mingi, yaani serikali za kaunti, wizara, mashirika ya kijamii, vyombo vya habari na ubalozi, lakini hakuna hata mmoja ulioandikwa jina letu.

Nilihitimu mwishoni mwa mwaka 2018. Mkopaji hupewa mwaka mmoja baada ya masomo kabla ya kuanza kulipa, na mwaka huo ulipita kama upepo wa kaskazi. Nilipeleka barua za kuomba kazi huku na huko. Mwishowe nilipata ukarani katika ofisi ya kupokea shehena mjini Mombasa, kwa mshahara wa shilingi 22,000, kazi ambayo haikuhitaji hata ukurasa mmoja wa niliyoyasoma. Niliipokea kwa sababu ya deni. Fungu langu la kila mwezi lilikuwa shilingi 4,000, na faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Yaani kukosa kulipa kulikuwa ghali kuliko kulipa. Kodi ya chumba ikichukua 7,000 na nauli 3,000, zilibaki 8,000 za kula, kuvaa na kumsaidia mama. Bei ya samaki wangu ilikwisha kupangwa, kama baba alivyosema.

Wakati huo huo, binamu yangu tuliyesoma naye darasa moja alikuwa na mashua yake. Kusi ikichafua bahari hakuwa na kitu, lakini kaskazi ikitulia alinipita kwa mapato, na hakuwa na deni la mtu. Je, nilikosea? Swali hili nimelala nalo usiku mwingi.

Hata hivyo, hesabu ya mshahara peke yake haijakamilika, na hapa ndipo ninapotaka tutafakari pamoja. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari mpya, na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nilipokwenda nyumbani Ramadhani ya mwaka huo, hukumu hiyo ilikuwa gumzo la kila baraza, na wengi walidhani fedha zingegawiwa wiki ile ile. Baada ya tarawehe niliombwa kuieleza. Nilieleza kwa Kiswahili maana ya ushirikishwaji wa umma katika Katiba ya 2010, tofauti ya hukumu na malipo, na kwa nini serikali ingeweza kukata rufaa. Wazee waliniuliza maswali hadi usiku wa manane. Baba hakuuliza lolote, ila kesho yake alinipelekea karatasi nyingine ya jirani nimsomee.

Tangu hapo nimesoma karatasi nyingi: matangazo ya ardhi, bajeti za kaunti, barua za mahakama. Sijalipwa senti, wala sidai. Lakini nimegundua jambo ambalo sikufundishwa darasani: faida ya shahada yangu ilikuwa ya jamii nzima, na deni lilikuwa langu pekee. Mizani isiyosawazika ndiyo hiyo. Hauponi ugonjwa huu kwa kuwaambia vijana waache kusoma siasa. Kisiwa kisicho na wanaojua kuhoji serikali kitahojiwa na kila mgeni. Lakini si haki pia kumsifu msomi barazani na kumwacha alipe peke yake gharama ya kusifiwa kwake.

Nilimaliza kulipa mwishoni mwa mwaka 2023. Mwaka huo huo serikali ilianzisha mfumo mpya wa ufadhili, ambamo waliojiunga na vyuo walipangwa katika makundi kwa kadiri ya uwezo wa familia, na karo ikagawanywa kati ya ruzuku, mkopo na mzazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuona mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na shauri likapelekwa Mahakama ya Rufaa. Wakati wakubwa wakishindana mahakamani, mtoto wa ami yangu amenijia na fomu yake. Naye anataka Sayansi ya Siasa.

Sikumkataza. Nilichukua kalamu tukakaa barazani pale pale. Tuliandika jumla ya deni la miaka yote, si la mwaka mmoja; tukaandika fungu la kila mwezi na tarehe litakapoanza; tukaandika kazi tatu ambazo angeweza kuzifanya kwa shahada hiyo na stadi ya pili ya kumlisha akizikosa. Kwangu mimi stadi hiyo imekuwa tafsiri, kwa hisani ya Kiswahili nilichokisoma kando ya siasa. Kisha nikawaomba ami na ndugu zake waahidi kuchangia fungu la mwaka wa kwanza wa kulipa, kwa kuwa wao ndio watakaomletea karatasi awasomee. Wawili waliahidi. Wa tatu alisema atafikiri.

Baba alikuwa ameketi akishona nyavu. Aliponiona nikitia sahihi kama mdhamini, aliuliza tu, "Umemwambia habari ya bei ya samaki?" Nikamjibu kwamba nimemwambia.