Volti Mbili na Ushei

Nilianza kufunga waya kwenye mabasi ya barabara ya Thika siku ambazo taa ya abiria ilikuwa tyubu. Kila tyubu ilikuja na kisanduku chake cha bati, inveta, chenye transista na transfoma ndogo. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, na volti zake ni chache mno kuamsha gesi iliyo ndani ya kioo. Inveta iliupandisha na kuugeuza-geuza maelfu ya mara kwa sekunde. Ikianza kuchoka uliijua kwa sikio, maana redio ya dereva ilikoroma. Betri ikiwa dhaifu tyubu ilififia, ncha zake zikaingia weusi, na mwenye gari akakimbilia tyubu mpya.

Sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zikafutwa michoro, zikapigwa mstari wa manjano, zikafungwa mikanda na vidhibiti mwendo. Sisi wa mapambo tukarudi kwenye stata na oltaneta. Sikulalamika sana, oltaneta ndiyo iliyonifunza kazi. Barabara kuu mpya ikafunguliwa Novemba 2012, Kahawa Wendani ikajaa wapangaji na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kisha mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi. Hapo ndipo vijana walipoanza kuniletea nganya, zile matatu zilizorembwa, na mafungu ya stripu za LED waliyonunua barabara ya Luthuli, Nairobi.

Stripu imeandikwa volti 12, na kijana anaamini gari lake ni la volti 12. Injini ikinguruma oltaneta hupeleka hadi 14.4. Watu hudhani hizo volti mbili na ushei si kitu. Sasa tazama: vitaa vyeupe vitatu vimeungwa mfululizo, kila kimoja kikishika kama volti 3.2, jumla 9.6. Rezista ya omu 150 inabeba zinazobaki. Kwa volti 12 zinabaki 2.4, mkondo ni miliampia 16. Kwa 14.4 zinabaki 4.8, na mkondo unakaribia miliampia 32. Volti zimepanda kwa moja ya tano, mkondo umekuwa maradufu. Kitaa kinachemka, kinapauka, halafu kinazimika kikiburuta wenzake wawili.

“Fundi, hizi stripu ni feki,” makanga mmoja aliniambia.

“Huenda ni feki kweli, kijana wangu. Lakini washa gari kwanza nipime.”

Mita ilipoonyesha 14 na kitu, akaniuliza kama mita yangu pia si feki.

Mabasi ya volti 24 yana balaa lao. Betri ni mbili, kwa hiyo fundi mwenye haraka huvuta waya kutoka katikati ya hizo mbili, akapata 12 za bure za taa na redio. Betri ya chini, ile inayolisha waya huo, inanyonywa usiku kucha. Oltaneta hujaza zote mbili kama kitu kimoja, basi ile ya juu inalishwa kupita kiasi hadi maji yanachemka, na ya chini haishibi kamwe. Nimeona betri mpya zikiuawa hivyo. Mimi nafunga ridyusa, kifaa kinachopokea 24 au 28 na kutoa volti zisizoyumba, na fyuzi karibu na betri, wala si kule nyuma kwenye spika ambako waya ukishachunwa na bati tayari moto umeanza.

Indiketa za LED nazo hupepesa kama zimepagawa, kwa sababu rilei ya zamani inayoziwasha na kuzizima ilizoea balbu ya wati 21 na sasa inadhani balbu imeungua. Rilei ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa LED inamaliza neno hilo. Wengine hufunga rezista kubwa inayokula umeme bure na kupata joto la kuyeyusha plastiki. Sijui LED ilinunuliwa ya nini basi.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye malipo. Mwenye basi moja la Githurai alikagua kila rangi, akasifu, kisha akaomba nimpunguzie bei ya ridyusa, maana hiyo abiria hawaioni.